Gobori la Kwanza la Mwindaji wa Pembe

Ni watu wachache katika nchi zetu wasiolijua neno gobori. Ndiyo bunduki ile ishindiliwayo kwa mdomoni: kwanza hutiwa baruti, kisha kitambaa au nyuzi za gome la mti, kisha risasi, na vyote husukumwa hata chini kwa mdeki. Siku hizi mtu akilitaja gobori, wasikiao hucheka, maana wameona bunduki zilizo bora kuliko hiyo. Lakini tangu katikati ya karne ya 19 hata karibu na mwisho wake, kijana wa Unyamwezi au wa bara ya Kilwa aliyetaka kuwa mwindaji wa ndovu hakulicheka hata kidogo. Alilitamani, aliliogopa, na mara nyingi alilinunua kwa mali yote aliyokuwa nayo. Akikosea katika kuchagua, hakupoteza mali tu. Huenda akapoteza vidole, au jicho, au roho yake mbele ya ndovu aliyejeruhiwa. Basi katika mazungumzo haya twapenda kueleza jinsi gobori la kwanza lilivyochaguliwa zamani zile, na mambo ambayo mnunuzi hakuwa na budi kuyatazama.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba ndovu waliwindwa katika Afrika ya Mashariki kabla bunduki hazijaenea bara. Waata, watu wa nyika iliyo nyuma ya Malindi na Mombasa, walikuwa na pinde kubwa mno ambazo mtu asiyezizoea hawezi kuzivuta, na mishale yao ilipakwa sumu iliyopikwa kwa mti. Wakamba nao walisifiwa kwa kazi hiyo. Kivui wa Kitui, aliyeuawa mwaka 1851, alijulikana hata pwani kwa misafara yake ya pembe. Wanyamwezi walikuwa na chama chao cha wawindaji wa ndovu, ndio wayege, wenye dawa zao na miiko yao. Na mshale wa sumu una sifa moja ambayo bunduki haina: haulii. Ndovu mmoja huanguka, na wenziwe huendelea kula majani. Bunduki ikilia, kundi zima hukimbia, na mwindaji hulifuata kutwa.

Kwa nini basi watu walitamani gobori? Wengine husema ni kwa kuwa bunduki huua upesi. Sisi hatukubali kwamba hiyo ndiyo sababu kubwa, maana gobori baya haliui upesi kuliko sumu nzuri. Sababu kubwa ni kwamba mwindaji alikuwa na adui wengine zaidi ya ndovu. Mtu mwenye pembe begani, katika nchi iliyojaa misafara yenye bunduki, alikuwa yeye mwenyewe kama mnyama wa kuwindwa. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed, ambaye watu wengi humwita Tippu Tip, alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa, upande wa kusini-magharibi wa ziwa Tanganyika. Nsama alikuwa na watu wengi sana wenye pinde, na majirani zake wote walimwogopa. Tippu Tip alikuwa na bunduki mia na chache tu. Nsama alishindwa, na pembe alizokuwa amezikusanya zikachukuliwa. Msiri naye, mtu wa Usumbwa katika Unyamwezi, alikwenda Katanga kama mfanyi biashara, akiwa na bunduki ambazo wenyeji hawakuwa nazo, akawa mfalme mkubwa huko Garenganze hata alipouawa mwezi wa Desemba mwaka 1891. Kijana aliyezisikia habari kama hizi hakuuliza kama bunduki ni bora kuliko mshale. Aliuliza ataipata wapi.

Ilitoka Ulaya, tena kwa sababu ambayo mnunuzi wa bara hakuijua. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadili silaha zao mara kwa mara. Bunduki ya zamani sana ilikuwa ya mrao, yaani iliwashwa kwa kamba yenye moto. Ikaja ya jiwe, ambayo pwani huitwa gumegume: mtambo hupiga jiwe juu ya chuma, cheche huanguka katika kisahani chenye baruti kidogo, na moto hupenya katika tundu liitwalo kifa mpaka ndani ya kasiba. Mwaka 1807 padre mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, alipewa haki ya serikali juu ya ufundi wake mpya wa kuwasha baruti kwa dawa iwakayo ikipigwa. Inasemekana alichukizwa na bata walioona cheche za gumegume lake wakaruka kabla risasi haijatoka. Kwa ufundi huo zikatokea fataki, yaani vikofia vidogo vya shaba vyenye dawa hiyo ndani, na kufika miaka ya 1840 jeshi la Uingereza lilikuwa likiyaacha magumegume yake. Mwaka 1849 Mfaransa Minié alitengeneza risasi ndefu iliyofaa kwa kasiba yenye mifereji. Mwaka 1853 Waingereza wakawa na bunduki ya Enfield ya namna hiyo. Na mwaka 1866 wakaanza kuacha kabisa kushindilia kwa mdomoni. Kila mara jeshi lilipobadili, bunduki za zamani ziliuzwa kwa bei ndogo kwa wafanyi biashara, nazo zikapakiwa katika merikebu. Tena mafundi wa Birmingham katika Uingereza na wa Liège katika Ubelgiji walitengeneza bunduki nyingine za bei ndogo kusudi ziuzwe Afrika. Wamarekani wa mji wa Salem, waliofanya biashara Unguja tangu zamani za Seyyid Said, na nchi yao ikafanya mapatano naye mwaka 1833, walileta baruti na bunduki pamoja na ile nguo tuiitayo merikani mpaka leo.

Kwa hiyo bunduki zilizowekwa mbele ya mnunuzi hazikuwa sawasawa. Moja ilitengenezwa kwa ajili ya askari, ikachakaa katika vita asivyovijua. Nyingine ilikuwa mpya yenye kung'aa, lakini chuma chake kibovu. Mpya si bora siku zote. Kwa maoni yetu, mara nyingi bunduki kuukuu ya askari ilikuwa salama kuliko mpya ya biashara, maana ile ya kwanza ilijaribiwa kwa baruti nyingi kabla ya kupewa askari.

Mnunuzi mwerevu alitazama kasiba kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyobeba roho yake. Aliivua kutoka katika mti wake kama mwenye duka alikubali, akaitazama kwa ndani kuelekea jua, akitafuta kutu na mashimo. Alipitisha kidole juu yake taratibu, hasa karibu na kifa, mahali ambapo baruti huwaka na chuma hubeba nguvu zote. Ufa mwembamba kama unywele hapo watosha kumpasua mtu mkono. Kisha aliining'iniza kwa uzi na kuigonga: kasiba nzima hulia kama kengele, na yenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Wanawake wetu hujaribu vyungu sokoni vivi hivi, wala sisi hatuoni aibu kusema kwamba elimu ni ile ile.

Baada ya kasiba alitazama alama. Mjini Birmingham palikuwa na nyumba maalumu, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1813, ambamo kila kasiba ilijazwa baruti kupita kiasi na kulipuliwa. Iliyosalimika ikapigwa mhuri. Liège nako walikuwa na nyumba yao, na mhuri wake ni herufi ELG ndani ya yai. Bunduki za jeshi la Uingereza zilikuwa na taji na neno TOWER juu ya mtambo, yaani ngome ya London zilikokaguliwa. Lakini neno hilo likajulikana mno, na wafanyi biashara wengine wakalipiga juu ya bunduki ambazo hazikuiona ngome hiyo hata siku moja. Mnunuzi asiyejua kusoma aliyajua maumbo ya herufi hizo kama mfugaji ajuavyo alama za ng'ombe, na mwuzaji mjanja alilijua jambo hilo pia.

Likafuata swali gumu: jiwe au fataki? Fataki ni bora kwa kila hali iwapo zipo. Mvua ndogo haiizuii kulia, na moto wake haukawii. Lakini zikiisha, bunduki ya fataki ni rungu tu. Fikirini safari yenyewe. Richard Burton alitoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857 akafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba, mwendo wa siku 134. Mwindaji wa Unyanyembe aliyeishiwa fataki katikati ya masika angengoja msafara wa pwani miezi mingi, naye angelipa bei apendayo mwuzaji. Mwenye gumegume aliokota jiwe gumu, akalichonga, akaendelea na kazi yake. Ndiyo maana magumegume yaliendelea kununuliwa bara miaka mingi baada ya Ulaya kuyatupa. Si kwa sababu watu wa bara hawakujua kilicho kizuri.

Vivyo hivyo katika jambo la mifereji. Kasiba yenye mifereji ndani huizungusha risasi, nayo hwenda moja kwa moja hata mbali, na kasiba laini haipigi kwa hakika kupita hatua 80 hivi. Mtu wa leo angedhani kwamba yule wa zamani alikuwa mjinga kuchagua kasiba laini. Lakini mwenye mifereji hana budi kuwa na risasi iliyo sawa kabisa na kasiba yake, nayo iwe ya risasi halisi, madini laini. Wahunzi wa bara, pale risasi ilipokosekana, walifua vipande vya chuma, na kipande cha chuma huiharibu mifereji mara moja. Kasiba laini haikukataa chuma, wala shaba ya Katanga, wala kokoto siku ya shida. Tena ndovu hapigwi kwa mbali. Fundi, ndivyo alivyoitwa mwindaji hodari wa bunduki, alinyata kinyume cha upepo hata hatua 20 au 30, na hapo kasiba laini haikosi. Kwa mtu wa pwani mwenye duka karibu, au mtu wa kupigana vitani, shauri lingekuwa lingine. Kwa mwindaji wa bara twaona kwamba kasiba laini ilikuwa shauri la akili.

Ukubwa wa tundu ulihesabiwa kwa namna ya ajabu kidogo. Watu wa Ulaya walichukua ratli moja ya risasi, wakauliza: yatoka mviringo mangapi yenye kuenea kasiba hii? Yakitoka 12, bunduki ni ya namba 12. Yakitoka manne tu, ni ya namba 4. Basi namba ikipungua, bunduki huzidi kuwa kubwa. Bunduki ya askari wa zamani ilikuwa karibu na namba 11, na hiyo yatosha kwa paa na kwa nyati akipigwa vema. Lakini ndovu wa Afrika ana mifupa mizito mbele ya kichwa. Samuel Baker, aliyewahi kuwinda Ceylon, alikuta huku kwamba kumpiga ndovu wa Afrika kwenye paji la uso hakufai kama kule. Shurti apigwe ubavuni, nyuma ya bega, na risasi iende ndani sana. Alipokwenda nchi za Nile mwaka 1861 alichukua gobori la mitutu miwili, namba 10, aliloazimwa na rafiki yake William Oswell, aliyelitumia miaka mingi kusini. Lilikuwa na kasiba laini, na kitako chake kilikuwa kimeliwa na miiba kama kimeguguna na panya.

Mtu mmoja ambaye historia ya gobori lake la kwanza twaijua vizuri, kwa kuwa aliiandika mwenyewe, ni Frederick Selous. Alifika Afrika ya Kusini mwezi wa Septemba mwaka 1871, umri wake miaka 19. Mwaka uliofuata alimwomba Lobengula, mfalme wa Wandebele, ruhusa ya kuwinda ndovu, na mfalme akamcheka akisema kwamba ni mtoto tu. Hata hivyo alimpa ruhusa. Selous alikuwa maskini, akanunua magobori mawili ya namba 4, kazi ya Hollis wa Birmingham, kila moja kwa paundi sita tu. Yalikuwa bunduki za kuwindia bata, yenye uzito wa ratli zaidi ya 12, na kila risasi yake robo ya ratli. Akafundishwa kazi na mwindaji mmoja Mkhoi, jina lake Cigar, wakitembea kwa miguu, maana mbung'o huua farasi. Baruti aliichukua katika mfuko wa ngozi kiunoni, akaichota kwa mkono bila kupima.

Kwa magobori hayo Selous aliua ndovu 78. Mtu atasema alichagua vema. Yeye mwenyewe hakusema hivyo. Aliandika kwamba alijuta sana kuyashika, kwa kuwa yalimpiga bega hata mishipa yake ikaharibika, na tangu hapo mkono wake ukawa hautulii anapolenga shabaha. Siku moja bunduki haikulia. Mchukuzi wake, akidhani imekwisha kulia, akashindilia mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Selous alipovuta, aliinuliwa akatupwa chini, bunduki ikaruka nyuma yake na kitako kikavunjikavunjika. Kasiba haikupasuka. Paundi sita zilikuwa zimenunua chuma chema, na hilo tu ndilo lililomwokoa. Mtu huyo alikuja kufa katika nchi yetu: alipigwa risasi Beho Beho, upande wa Rufiji, tarehe 4 Januari mwaka 1917, naye amezikwa huko huko.

Mafundi wetu walijua dawa ya hatari hiyo. Mdeki ulitiwa alama mbili, moja ya kuonyesha kasiba tupu na moja ya kuonyesha bunduki iliyokwisha kushindiliwa. Mtu aliyepokea bunduki mkononi mwa mwingine, awe ndugu au rafiki, aliutumbukiza mdeki kwanza. Ukilia chuma kwa chuma, kasiba ni tupu. Ukilia kama umeangukia gunia, mna kitu. Kijana aliyenunua gobori lenye mdeki mfupi kuliko kasiba, au mdeki wa gobori jingine, hakuweza kupima, na wauzaji walichanganya midek̶i mara nyingi bila kujali.

Baruti nayo yataka maneno machache. Ni shura, makaa na kiberiti, na katika mafungu 100 shura huwa karibu 75. Baruti ya biashara ilikuwa dhaifu, pengine imechanganywa na vumbi la makaa kupita kiasi, na udhaifu huo uliwaponya wengi wenye kasiba mbovu. Hatari ilikuja siku mwindaji alipopata baruti nzuri ya Kizungu akaitia kwa kipimo kile kile alichokizoea. Na baada ya kulia, masizi ya baruti huvuta maji ya hewani, na kasiba isiyooshwa hushika kutu usiku ule ule. Maji ya moto na kitambaa chenye mafuta yalitosha. Uvivu wa jioni moja uliharibu mali ya miaka miwili.

Tumesema mali, na hapa ndipo penye uchungu. Wengi hawakununua kwa mali iliyo mkononi. Mfanyi biashara au mtawala alimpa kijana bunduki na baruti, naye alipe kwa pembe. Na mahali pengi pembe ile iliyogusa ardhi ndovu alipoanguka ilikuwa haki ya mwenye nchi. Ikabaki moja, na katika hiyo mwenye bunduki alikata deni lake. Wako waliotajirika kwa njia hiyo wakawa na wafuasi na bunduki zao wenyewe. Wako waliowinda maisha yao yote wasimalize deni la gobori la kwanza. Na ndovu walizidi kuwa mbali. Pembe zilikwenda kufanywa meno ya vinanda, vitana na mipira ya kuchezea juu ya meza huko Marekani na Ulaya, na misafara iliyokuwa ikipata pembe Unyamwezi ilikuwa ikivuka ziwa Tanganyika mpaka Manyema kuzitafuta.

Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, aliandika kwamba bunduki 80,000 hata 100,000 za kila namna zilikuwa zikiingia pwani hii kwa mwaka mmoja. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Julai mwaka 1890, mataifa yalitia sahihi mapatano ya Brussels. Shabaha iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli bunduki zilikuwa zimeilisha biashara hiyo. Lakini mapatano yalikataza bunduki zenye mifereji na za kisasa zisiingie katika Afrika yote iliyo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, isipokuwa kwa askari wa serikali na watu wachache wenye ruhusa. Kilichoachwa kwa wengine, tena kwa masharti, kilikuwa gumegume lenye kasiba laini na baruti ya kawaida. Mataifa yale yaliyotia sahihi yalikuwa yakigawana nchi hizi miaka hiyo hiyo, wala haikuwa bahati tu kwamba bunduki iliyoruhusiwa ni ile isiyoweza kusimama mbele ya majeshi yao.

Tangu hapo kijana hakuwa na la kuchagua dukani. Alikwenda kwa mhunzi wa kijiji na kipande cha bomba, au alirithi gobori la baba yake pamoja na mdeki wake, akauliza kwanza kama alama mbili bado zaonekana.